Ngozi ya Ndama wa Kidoti

Niliporudi kutoka msibani Mpwapwa, neno la kwanza nililomwuliza mjukuu wangu lilikuwa, "Ngozi umeiweka wapi?"

Habari ya ndama nilikuwa nayo tayari. Kijana wa bodaboda aliyenichukua pale ninaposhukia gari, Makutupora, alinipa pole mbili kwa mpigo: pole ya marehemu niliyetoka kumzika, na pole ya ndama wa ng'ombe wangu Kidoti, aliyekufa kwa kuhara siku ya Jumapili. Basi njia nzima, huku nimeshikilia kilemba kisichukuliwe na upepo, nilikuwa napanga kazi kichwani. Ngozi iloane kidogo, ijazwe mabua laini, ishonwe tumboni kwa uzi wa mkonge, halafu ipakwe maji ya chumvi mgongoni. Hata sindano ya magunia nilijua niliiacha wapi, nimeichomeka kwenye mwamba wa paa, juu ya mafiga.

Anitha alishanipa shikamoo, akanipokea begi, akaniletea maji ya kunawa. Aliposikia swali langu akanitazama kama mtoto aliyefagia uwanja bila kutumwa, anasubiri kusifiwa.

"Nimemzika, Bibi. Mzima mzima."

Nikakaa kwenye kigoda. Akanisimulia yote bila haraka. Ndama alikata roho akiwa amemlaza mapajani. Akamfunga kwenye kitenge chake, kile cha njano chenye majani ya kijani nilichomnunulia alipofaulu kidato cha sita, akambeba mpaka nyuma ya zizi, kwenye mgunga ule uliopigwa radi. Akachimba toka saa nne mpaka saa tisa. Na ardhi yetu wakati wa kiangazi mnaijua, jembe linaruka kama limepiga chuma. Akanionyesha viganja, malengelenge manne kila mkono, mengine yamepasuka. Akamlaza shimoni taratibu, akatoa kitenge, akafukia kwa mikono.

"Sikutaka achunwe," akasema. "Nilitaka angalau yeye mmoja asitumike."

Nikamwambia twende akanionyeshe. Tulipofika pale, shimo lilikuwa wazi, udongo mwekundu umetupwa huku na huku, na pembeni kumebaki kwato moja, ndogo kama kifuniko cha chupa. Hakuwa ameweka mawe wala miiba. Nani angemwambia? Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuzika ndama, na fisi akiona udongo umefukuliwa haulizi aliyelala humo ni nani.

Anitha alichuchumaa kando ya shimo. Nikamshika mkono. Lakini moyoni nilikuwa namfikiria yule aliyekuwa analia zizini tangu nilipoingia, Kidoti, mama wa ndama.

Kwa asiyefuga ng'ombe wetu hawa wa asili nieleze kidogo. Ng'ombe wetu hampi mtu maziwa, anampa mtoto wake. Asubuhi unamwachia ndama kwanza, anagonga kiwele kwa pua, ananyonya mafunda mawili matatu, mama anamgeukia anamlamba mgongo, anajisikia mama, anaachia. Hapo ndipo wewe unamvuta ndama pembeni na kuingia na kibuyu chako. Ndama akifa, mama anafunga. Utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi, hupati tone. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakichuna ngozi siku ileile kabla haijapoteza harufu, wanaijaza mabua na kumwekea mama. Anainusa, anailamba chumvi yake, anaachia maziwa. Hiyo ndiyo ngozi niliyokuwa naiuliza.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana Anitha hakuwa hivi. Ni mtoto wa binti yangu Hilda, Mungu amrehemu, nimemlea mimi tangu ana siku kumi na moja. Alikula kila kitu cha nyumba hii, na mifupa ya shingo ya mbuzi alikuwa akigombea na mjomba wake Daudi. Sasa yuko chuo Dodoma, anasomea ualimu, anakaa Makole kwa mama yake mdogo Priska. Huko chuoni ukafanyika mdahalo: je, ni haki mtu kula wanyama? Wakapiga kura kugawana pande, yeye akaangukia upande wa kukataa. Hakuupenda, ila ni mtu wa kufanya kazi aliyopewa, akasoma wiki mbili ili washinde. Upande wao ukashindwa vibaya. Ukumbi mzima ukawapigia kura waliosema nyama ni haki, watu wakatoka wakaenda kula mishikaki pale nje. Anitha akasimama na mshikaki wake mkononi, akashindwa kuutia kinywani. Yaani katika ukumbi wote ule, aliyeshawishika na maneno ya Anitha alikuwa Anitha peke yake.

Tangu siku hiyo, miezi minane sasa, hali nyama, hali mayai, hanywi maziwa, hata asali. Kuna neno lake, watu hao wanaitwa vigani. Alipokuja likizo nilikuwa nimemchinjia jogoo, akaniomba radhi kwa adabu sana, akala ugali na mlenda. Sikukasirika. Nilitaka tu kujua. Mtu uliyemlea anapoleta jambo geni nyumbani, unaweza kulifukuza kama mbwa wa jirani, au unaweza kulikaribisha likae uone linakula nini. Mimi nililikaribisha.

Daudi hakuwa na subira hiyo. Alikuja jioni ileile niliporudi, akatukuta tumekaa nje, akasikia habari ya kaburi.

"Kwa hiyo sasa tununue na sanda za mbuzi?" akamwuliza mpwa wake.

Anitha akacheka kidogo, maana mjomba ni mjomba, lakini Daudi alipokwenda kumtazama Kidoti alirudi bila utani. Majani yanaisha, alisema, na mvua bado miezi mitatu. Anapunguza kundi. Tayari kuna wawili ameshawatenga kwa mnada wa Jumamosi. Kidoti huu ni mwaka wa pili anapoteza ndama, na ng'ombe asiye na mtoto wala maziwa anakula majani ya wenzake. Akaniambia kwa heshima, maana mimi ni mama yake na Kidoti ni ng'ombe wangu wa mwisho, lakini akaniambia waziwazi: siku ya Ijumaa asubuhi atakuja aone. Kidoti akijaza kibuyu, abaki. Asipojaza, Jumamosi anapanda gari na wale wawili. Na wanunuzi wa mnada ule ni watu wa bucha, hilo hakuna asiyelijua.

Tulikuwa Jumanne.

Baada ya Daudi kuondoka Anitha alikaa anajiminya malengelenge.

"Bibi, nimemuua."

Nikamwambia hajafa bado, na malengelenge aache kuyaminya, yatatunga usaha.

Jumatano nilikwenda kwa jirani yetu Masudi. Masudi ananunua ngozi, anazitia chumvi na kuzipeleka mjini, na nyumbani kwake unafika kwa pua kabla ya macho. Nilimweleza shida yangu. Akanipa ngozi ya ndama wa mtu mwingine, bado mbichi, akakataa malipo. Lakini akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama Daudi, ng'ombe hasomi rangi, anasoma harufu." Nilijua. Nilijaribu tu, kwa kuwa mtu hawezi kukaa bure. Nikaijaza, nikaishona, nikaipaka chumvi. Kidoti aliinusa mara moja, akapuliza pua, akapiga teke kibuyu kikavingirika mpaka mlangoni mwa zizi. Kibuyu kile nilipewa na mama mkwe wangu. Hakikupasuka, namshukuru Mungu, ila kimepata ufa mwembamba shingoni ambao kila nikikishika nauona.

Kiwele kilikuwa kimejaa, kinang'aa, mishipa imesimama kama mizizi juu ya ardhi. Ukimgusa anaruka. Anitha alikuwa amesimama upande wa pili wa ua wa miiba, anatazama. Kwa muda mrefu alikuwa ameniambia maziwa ni ya ndama, tusiyachukue. Sasa ndama hayupo, na maziwa yanamwumiza mwenyewe. Nilimwona jinsi anavyolizungusha jambo hilo kichwani, kama mtu aliyeshika nazi hajui aipige wapi.

Mchana huo tulichuma mlenda bondeni pamoja. Mimi nilikuwa nimeamua, bila kumwambia Daudi, kula chakula cha Anitha wiki nzima nione mwili wangu utasemaje. Ugali wa uwele, mlenda na karanga za kutwanga, maharage, zabibu za shamba la Daudi. Siku ya kwanza nikajicheka. Kumbe chakula chenyewe ni kilekile tunachokula miezi mingi ya mwaka, isipokuwa sisi hatukukiita jina, tulisema tu hali ni ngumu. Kilichonisumbua ni chai. Chai ya rangi imenishinda, inafanana na maji ya kuoshea sufuria.

Nikamwuliza mengi siku hiyo. Sikumwuliza kumshinda, nilitaka kuona mwisho wake uko wapi, kama unavyofuata kamba iliyozama kisimani. Nikamwuliza ngozi ninayolalia, akasema ile imeshakuwepo, kuitupa hakumrudishii mtu uhai. Nikamwuliza sakafu yangu niliyoisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe, akacheka, akasema kinyesi ng'ombe anakitoa kwa hiari yake. Nikamwuliza zabibu alizokuwa anakula, ambazo mjomba wake anazitilia samadi ya zizi hilihili. Hapo akaacha kutafuna, akaitazama zabibu.

Halafu nikamwuliza kuhusu kwelea kwelea. Hawa ndege wakishuka kwenye uwele wetu, asubuhi moja shamba linabaki mabua. Mwaka juzi ilikuja ndege ya serikali ikanyunyiza dawa, tukakuta wamelala chini kama majani ya mwembe, huwezi kuweka mguu. Watoto walikatazwa kuwaokota. Huo ugali wako, nikamwambia, umelindwa kwa vifo vingi kuliko ng'ombe wote wa Daudi. Au kwelea hawahesabiwi kwa kuwa ni wadogo?

Alichuma harakaharaka bila kunitazama, mpaka nikafikiri amekasirika. Kisha akasema:

"Sijui, Bibi. Hilo sikulisoma." Akachuma kidogo. "Mimi sisemi mnyama ni sawa na mtu. Wala sisemi naweza kuishi bila kuumiza kitu. Nasema hivi: anaumia, na mimi naweza kuishi bila kula nyama yake. Kama naweza, kwa nini nisifanye?"

Niliona ni neno dogo lenye uzito. Na katika neno lote, kilichonikaa ni kile cha katikati: naweza. Huko Makole kuna genge kila kona, maharage, njegere, parachichi. Anaweza kweli. Mimi pia, mwaka huu wenye karanga, naweza. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nilikuwa siwezi, na habari ya mwaka huo sikuwahi kumwambia, kwa kuwa inamhusu yeye.

Alhamisi Kidoti hakula. Alisimama kichwa chini, miguu ya nyuma ameitanua asikigonge kiwele. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu, kidogo tu, maana bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya nne na ndoo zilizobaki zilikuwa mbili. Kwa sababu hiyohiyo nguo zilikuwa hazijafuliwa. Kile kitenge cha njano kilikuwa bado kimetundikwa kwenye ua wa miiba, kigumu kwa uchafu wa ndama aliyekufa kwa kuhara. Mara mbili nilimwona Kidoti amesogea upande ule amenyoosha shingo. Niliona, ila akili yangu haikushika. Nilidhani anatafuta kivuli.

Jioni tukiwa tunapepeta uwele, nikamwambia Anitha aweke ungo chini.

Nikamwambia hivi. Mama yako alipofariki ulikuwa na siku kumi na moja, na ule ulikuwa mwaka wa njaa. Uwele ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Maziwa ya kopo yalikuwa mjini, na mjini kulikuwa mbali kwa mtu asiye na kitu. Hapa zizini tulikuwa na ng'ombe mmoja anayekamwa, Nyange, mweupe kama ndege yule anayefuata mifugo. Ndiye bibi yake Kidoti. Nyange alikuwa na ndama dume, na kwa njaa ile alikuwa anatoa kikombe kimoja na nusu, asubuhi na jioni. Mwanzo nilimwachia ndama chuchu mbili. Ukawa unalia usiku. Nikamwachia moja. Ukawa bado unalia. Nikaacha kumwachia. Akishalambwa na mama yake nilimfunga kamba mbali, nikamletea maji ya pumba, na pumba zenyewe hazikuwepo. Wiki ya tatu akalala, hakuinuka.

"Nilimchuna mimi mwenyewe," nikasema. "Nikamjaza mabua. Nyange alimlamba miezi minne, na wewe ukanenepa."

Nilikuwa nimeogopa kusema maneno hayo miaka yote hiyo, na tangu aje likizo niliogopa zaidi. Niliogopa kwamba atainuka, afunge begi, arudi Makole, na chunguni mwangu asile tena. Anitha hakuinuka. Aliokota punje za uwele zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Alikuwa na jina?" akauliza.

"Hapana. Madume hatuyapi jina mapema."

"Na ungeweza kufanya vingine?"

"Nimejiuliza sana. Siku nyingine naona ningeweza kumwachia mafunda mawili. Siku nyingine naona nisingeweza hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: Nyange alikuwa anapenda nini hasa katika ngozi ile, umbo, chumvi au harufu? Nikamwambia umbo si kitu, hata kichwa sikukiweka. Ni harufu ya mtoto, na chumvi ya kumfanya aendelee kulamba. Hapo sisi wote wawili tukageuka kutazama ua wa miiba, tukakitazama kile kitenge. Sijui nani aligeuka kwanza.

Ijumaa jua lilipochomoza Anitha alijifunga kitenge kile mabegani, na harufu yake sitawaeleza. Alikuwa amekoroga chumvi kwenye bakuli, chumvi nyingi, akajipaka mikono yote miwili toka viganja mpaka juu ya viwiko. Alipofika kwenye malengelenge alifyonza pumzi kwa meno. Nikamwambia avae basi mifuko ya plastiki. Akasema Kidoti atailamba plastiki? Akaingia zizini, akachuchumaa pale ndama anaposimamaga, ubavuni, kichwa chake kimegusa tumbo la ng'ombe.

Kidoti akapuliza pua. Mimi nilikuwa upande wa pili na kibuyu changu chenye ufa, sipumui. Akanusa kitenge, akanusa tena, muda mrefu, pua imezama kwenye mikunjo. Kisha akatoa sauti ya chini, ile ya tumboni ambayo ng'ombe hampi mtu mwingine ila mtoto wake, na ulimi ukatoka. Alianza kwenye bega, akashuka mkono wote, akarudi juu. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, mnaujua. Anitha alifumba macho, machozi yanamtoka, kama ni ya chumvi kwenye vidonda au ya kitu kingine sikumwuliza. Nikagusa kiwele. Hakuruka. Nikavuta, na maziwa yakaja, kwanza mazito yenye mabonge, hayo nikayamwaga chini, halafu meupe, yanapiga ndani ya kibuyu kwa ile sauti ninayoipenda kuliko kinanda cha kanisani.

Daudi alitukuta hivyo. Alikuja na kamba mkononi, akasimama mlangoni mwa zizi, na Masudi nyuma yake, amekuja kuona kama ngozi yake ilifaa kitu. Walingoja mpaka kibuyu kilipojaa.

"Mimi nimeona mambo," akasema Daudi, "ila mpwa wangu kugeuka ndama, hili halijawahi kutokea ukoo huu."

Masudi akasema kwao si ajabu sana. Akaeleza kwamba katika dini yao waliolelewa kwa ziwa la mama mmoja ni ndugu, hawaoani. Alijua habari ya Nyange, alikuwepo mwaka ule. Akahesabu kwa vidole: Anitha alinyonya kwa Nyange, Nyange alimzaa mama yake Kidoti, kwa hiyo Anitha kwa Kidoti ni mama mdogo.

"Haya, Daudi," akasema, "nenda kamuuze, sijui umwiteje, mpwa wa mpwa wako."

Daudi akacheka mpaka akashika ua, akachomwa na mwiba. Kamba akaiweka begani. Alisema atakula maneno yake, Kidoti abaki, na kwa kuwa ameshakuwa mtu wa ukoo, abaki mpaka atakapozeeka. Nilimtazama kuona kama anatania. Alikuwa hatanii.

Nilichemsha yale maziwa, nikamimina kikombe. Anitha alikuwa amekaa mlangoni, mikono yake imekuwa myekundu kama imeunguzwa, nimempaka mafuta ya alizeti. Wiki yangu ilikuwa haijaisha, nilikuwa na siku nne bado. Nikakishika kikombe nikamwuliza haya sasa ni ya nani, maana mwenye nayo amekufa, na usipoyakama mama yake anaugua.

"Sijui, Bibi. Mimi siyanywi." Akafikiri. "Lakini hayo hujamnyang'anya mtu."

Nikamwuliza kama tulimdanganya Kidoti. Mimi nilimdanganya Nyange, hilo najua, nilimpa mabua nikamwambia ni mtoto. Lakini leo aliyelambwa alikuwa hai, na analia. Anitha akasema amelifikiria pale chini ya tumbo, na hajui kama alikuwa anaigiza. Nikanywa. Yalikuwa matamu, siwezi kuwadanganya. Lakini nilikunywa polepole kuliko zamani, na kikombe cha pili sikumimina. Kitenge tulikubaliana nibaki nacho, nisikifue, ili yeye akirudi chuoni niwe najifunga mimi. Mikono yangu ni mikavu, labda Kidoti atanivumilia.

Jumamosi asubuhi gari la mnada lilipita. Tulisikia honi, kisha milango ya nyuma, kisha kwato kwenye mbao. Anitha alitoka kwenda kusimama njiani, nami nikamfuata na fimbo yangu. Kidoti alikuwa zizini, anacheua. Garini walikuwa wale wawili waliotengwa tangu mwanzo, wamegeuzwa vichwa mbele, wamefungwa pua kwenye chuma. Daudi alitupungia mkono, kwa furaha, kama mtu aliyetufanyia hisani, na kweli alitufanyia. Gari likakunja kwenye mashamba ya zabibu, vumbi likabaki limesimama.

"Na wale wawili?" Anitha akaniuliza.

Nilitafuta la kusema, la malisho, la mvua, la watoto wa Daudi wanaotaka sare za shule, na yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonitoka.

"Walikuwa na majina?"

Hapo angalau nilikuwa na kitu cha kumpa, maana ng'ombe wa zizi hili nawajua wote, mimi ndiye niliyewapokea wengi wao walipozaliwa. Nikamwambia yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda alikuwa Tarimbo. Yule mdogo wa kijivu, aliyezaliwa siku mvua ilipotuangushia jiko, alikuwa Sijaona.

Akayarudia polepole, Tarimbo, Sijaona, huku ameshika mkono wake uliochubuka, na tukabaki pale njiani mpaka vumbi likatua.